Jumamosi za Mwalimu Anaeli

Juzi niliingia duka la chakula cha mifugo hapa Moshi kununua pumba za ng'ombe wangu. Kijana wa dukani alikuwa anamfungulia mteja mwingine pipa la molasi, na kifuniko kilipotoka tu harufu ile ikanifikia: tamu, nzito, yenye kuungua kidogo, kama uji wa sukari uliosahaulika jikoni. Nikashika meza. Kijana akadhani nimepata kizunguzungu, akanivutia stuli. "Kaa mama, pumzika kidogo." Nikakaa. Sikumwambia kwamba hakuna kilichoniuma. Nilikuwa tu nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nimekaa kwenye mkeka sebuleni kwetu, nasikiliza kama Mwalimu Anaeli ameshafika kwenye reli.

Sisi tulilelewa ndani ya harufu hiyo. Baba alitutoa Iramba akatuleta kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare kusini mwa mji, alikopata kazi ya ufundi wa mitambo kiwandani. Tulikaa nyumba za mstari, zote sawa, na msimu wa kuchoma miwa majivu meusi yalianguka kutoka angani kama manyoya, mama akikimbia kuanua nguo. Majirani walitoka kila upande wa nchi, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na vumbi la kwao. Kabla hatujahama baba alikuwa ametuahidi mlima. Ndiyo zawadi pekee aliyotuahidi. Lakini tulifika msimu wa mawingu, na kwa wiki mbili upande wa kaskazini palikuwa na pazia la kijivu tu. Kaka yangu Yona, aliyenizidi miaka miwili, akasema baba ametudanganya kama unavyomdanganya mtoto ili apande basi.

Kisha asubuhi moja nikatumwa bombani. Nikainua macho kumwangalia ndege, na ndoo ikanitoka mkononi. Ulikuwa pale. Haukuwa mbele ya anga. Ulikuwa umechukua nafasi ya anga. Nilitazama mahali ambapo nilizoea kuona mawingu nikaona msitu, nikainua uso zaidi, nikaona mwamba, nikainua zaidi mpaka shingo ikauma, ndipo nikafika kwenye weupe. Sikuwahi kujua kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa kiasi kile na kisitoe sauti. Nilipofika nyumbani bila maji na kumvuta mama nje, pazia lilikuwa limeshafungwa tena. Nikawaza, nikapata jibu langu mwenyewe: mlima nao uko zamu. Unakuja alfajiri, unaondoka saa tatu, siku nyingine unarudi jioni, kama akina baba wa kiwandani. Jambo hilo sikumwambia mtu.

Shule yetu ya shambani ilikuwa na walimu wachache, na watoto walikuwa wakianguka mtihani wa darasa la saba, hasa kwenye jiografia. Mtoto angejibu maswali yote ya siasa vizuri, kisha apewe ramani tupu ya Afrika na kutakiwa aonyeshe mito, hapo ndipo safari yake ya masomo inapoishia. Baba, aliyesoma mpaka darasa la nne tu, alikuwa na imani kubwa sana na elimu, imani ya mtu aliyeiona kwa mbali. Jioni moja akiwa anakula akatangaza, "Jumamosi hii Mwalimu anakuja hapa nyumbani."

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Siku zile Mwalimu alikuwa mmoja. Picha yake ilikuwa ukutani ofisini kwa balozi wa nyumba kumi, ukutani shuleni, ukutani kwenye duka la ushirika, akitabasamu na fimbo yake ndogo. Sikulala vizuri wiki nzima. Jumamosi nilifagia uwanja mara mbili, nikaufagia na wa jirani, nikamwomba mama anisuke upya. Mama akafurahi kwamba hatimaye nimepata akili. Saa nne kasoro akatokea mtu kwenye reli nyembamba ya kubebea miwa, akitembea katikati ya vyuma viwili, anagonga mataruma, yale yanayoshikilia vyuma kwa chini, kwa ncha ya mwavuli. Peke yake. Hakuna gari, hakuna askari. Alikuwa mrefu, suti ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, kofia kichwani, na begani amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kanga. Nikaangalia nyuma yake kama msafara unakuja. Haukuja.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, machozi yakiwa karibu.

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Ruthi."

"Ruthi, unaona nini?"

Sikuelewa swali. Nikageuka, nikatazama kule alikokuwa ameelekeza uso, kaskazini, kwenye pazia la kijivu. Nikajibu ukweli niliokuwa nao: "Leo mlima haujaja."

Yona akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mwalimu hakucheka. Alivua kofia. "Haujaja," akasema. "Vizuri. Jiografia inaanza hapo, kwa kusema unachokiona. Kwa nini haujaja, hilo tutalifikia."

Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, Yona, na Gaspari, mtoto wa Bwana Mathiasi, karani wa stoo, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu. Balozi aliuliza kama ni halali mtu mwenye kazi ya ufundi kumwita mwalimu wa peke yake wakati watoto wa taifa zima wanasoma pamoja. Baba akamjibu kwamba huyu ni mgeni tu, anapenda mazungumzo na watoto. Tulijua kwamba Mwalimu Anaeli alifundisha jiografia sekondari huko milimani kwa miaka mingi, akaacha. Kwa nini aliacha akiwa bado hana hata mvi, hatukuambiwa. Alitoka kwao Machame kila Jumamosi, akashuka na basi mpaka mjini, akapanda lori la shamba, na mwendo wa mwisho akafuata reli.

Kile kitu kirefu kilikuwa ramani ya Afrika ya kitambaa, yenye mti juu na mti chini, imefifia kama shati la siku nyingi, ina harufu ya moshi na mafuta ya taa. Yona aliitundika kwenye msumari uliokuwa wa picha ya harusi ya wazazi wetu, na mwalimu wetu akaanza. Mungu wangu, namna alivyoanza! Hakusoma kitu popote. Hakuwa na daftari. Alisimama amelitazama dirisha, mwavuli nyuma yake umeelekezwa kwenye kitambaa, na popote alipotaja ndipo ncha ilipokuwa. Alitwambia mchanga wa jangwa unavyolia upepo ukiupitia. Alitwambia watu wa Kongo wanajuaje kwamba mvua imebakiza dakika chache. Nilipokuwa namsikiliza nilisahau kupumua, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba kila mahali alipopataja amepakanyaga kwa viatu vile vyeusi. Na kila mara, katikati ya maneno, angemgeukia mmoja wetu, mara nyingi mimi. "Ruthi, toka nje. Moshi wa kiwanda unaelekea wapi? Mlima una nini leo? Mawingu yamekaa kiunoni au shingoni?" Ningetoka mbio, ningetazama, ningerudi na jibu nikihema. Nilidhani ananipima. Nilijiandaa kwa maswali yale kama mtihani. Nikawa naamka mapema kuutazama mlima ili nisije nikashindwa.

Jumamosi moja Yona alikuwa kitandani na malaria, na mimi nikatundika ramani. Kamba ya mti wa juu ilikuwa imekatika upande mmoja, nikaona ile ya mti wa chini ni nzima, nikaitundika kwa hiyo. Nilikuwa na haraka. Sikutazama.

Mwalimu akaingia, akasalimia, akauliza hali ya Yona, kisha akasimama mahali pake. Siku ile ilikuwa siku ya mto Nile. Alieleza chanzo, akaeleza ziwa, akaeleza maporomoko na mabwawa ya matope ambamo meli hupotea wiki nzima, na mwavuli ukawa unapanda, unapanda. "Na hapa," akasema, "baada ya safari yote hiyo, ndipo anapoingia baharini." Ncha ilikuwa imetulia kwenye Rasi ya Tumaini Jema.

Gaspari akanifinya paja. Nikatazama ramani, nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa anatabasamu.

"Ruthi," akasema, "unaona nini hapa kwenye ncha?"

Nilikuwa mtoto tu, lakini nilielewa kwamba kuna kitu kimefunguka ambacho hakikupaswa kufunguka. Nikasema, "Naona mdomo wa Nile, Mwalimu."

Inawezekana sauti yangu ndiyo iliyomwambia, au kicheko cha Gaspari kilichobanwa puani. Akanyoosha mkono, akapapasa mti wa juu polepole, akafika kwenye fundo la kamba nzima, ile ya mti wa chini, akalishika kwa vidole viwili. Akaachia.

"Mtu wa jiografia hadanganyi kuhusu anachokiona," akasema, bila hasira. "Hata kwa kumhurumia mtu. Hasa kwa kumhurumia mtu. Sema tena."

"Naona Rasi, Mwalimu. Ramani iko kichwa chini. Nimeitundika mimi."

"Basi iache hivyo hivyo."

Sasa sikilizeni alichofanya. Alijifuta uso kwa leso, akageuza mgongo kwa ramani kama kawaida, na akafundisha saa nzima iliyobaki kwenye Afrika iliyopinduka, na hakukosea hata mara moja. Kairo, Khartoum, Ziwa Nyasa, Limpopo, pembe ya Somalia. Mwavuli ulikwenda kushoto palipopaswa kuwa kulia, chini palipopaswa kuwa juu, na kila ulipotua palikuwa penyewe. Aliligeuza bara zima ndani ya kichwa chake kama mama anavyogeuza chapati. "Mnamwona Nile sasa? Mlizoea kudhani anapanda kwa sababu kaskazini mmeiweka juu. Kaskazini si juu. Juu ni kule," akaelekeza mwavuli dirishani, kule mlimani, sawasawa, kama aliyefungwa dira kifuani. "Maji hayajui ramani imetundikwaje. Yanajua mteremko tu." Hata Gaspari aliacha kucheka. Nilikuwa nimemwona mtu ambaye dunia yote imo ndani yake, na hawezi kuona ukuta.

Gaspari, lakini, alikuwa na baba yake, na mtoto husema. Kabla ya Jumatano Bwana Mathiasi alikuwa sebuleni kwetu, kalamu mbili mfukoni, hasira imemkaa shingoni.

"Fundi, tumeletewa kipofu."

Baba akaweka kikombe chini. "Nani kasema?"

"Mwanangu. Na wako alikuwepo, muulize. Mwaka mzima anawafundisha ramani mtu asiyeiona ramani! Mimi sikatai ana akili. Lakini mtihani unataka mtoto achore. Akikosea mstari, nani atamsahihisha?"

Lilikuwa swali la haki, hilo nalikubali hata leo. Baba akaniita. Niliona kwamba nikisema ndiyo, Mwalimu atapoteza kazi, na nikisema hapana, nitakuwa nimevunja kile alichonifundisha Jumamosi ile ile. Nikasema, "Haoni ramani, baba." Kisha nikaongeza kile nilichokiamini kwa moyo wote: "Lakini mlima anauona. Huwa ananiuliza habari zake."

Ndivyo nilivyokuwa nimelipanga kichwani. Macho yake yameshindwa vitu vidogo: maandishi, misumari, mistari. Mlima si kitu kidogo. Hakuna ugonjwa ambao ungeweza kuuficha mlima ule kwa mtu.

Mwalimu alipokuja Jumamosi iliyofuata, wazee wetu wawili walikuwa wanamngoja. Hakukana. Alisema ugonjwa ulianza pembeni, kama mlango unaofungwa polepole. Hospitali walimwambia ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Sasa anaona mwanga na vivuli. Hakuwaambia kwa sababu alijua wangesema nini. "Ninaomba siku moja," akasema. "Jumamosi ijayo niachieni watoto waje kwangu Machame. Njooni nao. Mkisharudi, amueni."

Tukapanda. Baba, Bwana Mathiasi, na sisi watatu, na Yona bado amekonda kwa homa. Mwalimu alitungoja stendi mjini, na tangu basi lilipoacha barabara ya lami na kuanza kupanda, hakunyamaza. "Udongo bado ni mweupe? Niambieni ukibadilika. Haya sasa, nasikia baridi mkononi, lazima umekuwa mwekundu." Ulikuwa umekuwa mwekundu. "Hapa mahindi yanaisha, migomba inaanza. Vuteni hewa. Hiyo ni kahawa inachanua." Tuliposhuka akatuongoza kwa miguu kwenye vijia vya katikati ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, vijia ambamo sisi wenye macho tulikuwa tunajikwaa, yeye mwavuli ameukunja kwapani. Akafika kwenye mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na babu zao, akapiga magoti akatumbukiza mkono wote. Akatuita tufanye vivyo hivyo. Maji yalikuwa na baridi ya kuuma mifupa.

"Haya ndiyo mnayonyweshea miwa," akamwambia baba. "Yakitoka hapa yanafika kwenu. Fundi, wewe unazungusha mitambo kwa jasho la mlima huu, ulijua?"

Baba aliutoa mkono, akautazama, akajipaka maji yale usoni.

Nyumbani kwake kulikuwa na ua wa masale, ng'ombe wawili zizini, na mkewe, Mama Aika, aliyetupakulia machalari ya ndizi na nyama mpaka tukashindwa kusimama. Mlima wenyewe haukuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba kama blanketi lililolowa. Mwalimu akasema, "Saa kumi utafunguka." Saa kumi ikafika, haukufunguka. Saa kumi na nusu. Bwana Mathiasi akatazama saa yake mara ya sita. "Mlima wenyewe," akasema, si kwa sauti ya chini, "leo tumekuwa sawa na mwenye nyumba, hatuuoni." Mama Aika akainuka akakusanya sahani. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Mwalimu akasema tu, "Basi la mwisho halingoji. Nitawasindikiza."

Tukateremka. Njia ilipotokea kwenye kilima chenye majani mafupi, karibu na kituo, Yona aliyekuwa nyuma akapiga ukelele. Tukageuka.

Sijui nieleze vipi. Tulikuwa tumeuzoea wa kutoka chini, wa mbali, wa asubuhi. Huu ulikuwa juu yetu. Ukungu ulikuwa umechanika katikati kama kitambaa, na ndani ya mchaniko ule kilele cha Kibo kilikuwa kimesimama karibu kiasi kwamba nilirudi nyuma hatua moja. Bwana Mathiasi alivua kofia yake na kuishika kifuani kama yuko kanisani. Baba alisema kitu kwa Kinyiramba ambacho sijawahi kumsikia akisema tena.

Mwalimu alikuwa amesimama ameukabili, uso umeinuka, macho wazi. "Ruthi. Unaona nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Anza chini. Panda."

Nikaanza chini. Nikamwambia msitu, mweusi. Juu yake kipande cha kijivu kama mgongo wa punda. Juu yake mwamba. Juu yake barafu.

"Nyeupe ya namna gani?"

"Si moja. Kushoto ni kama maziwa. Huku jua linakopiga ni kama ndani ya pera."

"Kuna michirizi inashuka kwenye mwamba. Iko mingapi?"

"Mitatu. Huu wa mwisho umekatika."

"Umekatika?" Akapiga hatua mbele. "Umekatika wapi?"

"Katikati, Mwalimu. Pametokeza mwamba mweusi, mkubwa kama nyumba."

Mwalimu akasema, polepole, "Mara ya mwisho nilipouona haukuwa umekatika. Aika alikuwa bado ananyonya." Na Aika, binti yake, ndiye aliyetuletea maji ya kunawa mchana ule, msichana wa shule mwenye sare.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinipima. Jumamosi zote zile, moshi unaelekea wapi, mawingu yamekaa wapi, mlima una nini leo, alikuwa anauliza kwa sababu alikuwa hajui na alitaka kujua. Mtu mzima, mwenye suti, mwenye dunia yote kichwani, alikuwa akiomba kwangu, na mimi nilikuwa nikimpa majibu ya kukimbilia maksi. Nilimshika mkono wa koti. Nikaanza upya, kuanzia chini, na safari hii sikuacha kitu. Nilimwambia kivuli cha wingu kinavyotambaa. Nilimwambia ndege wawili. Niliendelea mpaka basi likapiga honi na ukungu ukafunga, na nilipomtazama uso ulikuwa umelowa na alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya.

Ndani ya lori, njiani kurudi shambani, tulianza kusikia harufu ya molasi. Ndipo baba akamwambia Yona, "Jumamosi ramani itundikwe mapema. Na itundikwe vizuri."

Bwana Mathiasi alimwondoa Gaspari. Lazima niseme ukweli: Gaspari alifaulu bila sisi. Yona, aliyekaa na Mwalimu mpaka siku ya mwisho, hakuchaguliwa, akaingia karakana na kuwa fundi mzuri kuliko baba. Sisi tuliobaki tulijifunza kuchora kwa namna ya pekee: mmoja anachora, mwingine anamsomea Mwalimu mstari kwa mstari, "sasa pwani inaingia ndani, sasa inatoka kidogo," na yeye anashika kosa kwa masikio. Mwanga wake ulizidi kupungua, mpaka akawa anakuja na Aika amemshika mkono. Mwaka wangu ulipofika, ramani tupu niliyopewa kwenye mtihani ilinijia kama uso wa ndugu.

Nilichaguliwa sekondari ya wasichana kule kusini kabisa, mkoa wa Ruvuma. Mama alilia, kwake ilikuwa kama nimeolewa nje ya nchi. Tulikwenda Machame na baba kuaga. Mwalimu alikuwa kibarazani anachambua kahawa kwa vidole. Aliposikia ninakwenda wapi, akaweka ungo chini, akanikalisha mbele yake, na akaniambia njia. Yote. Kwanza Upare utakuwa kushoto kwako, kisha milima ya Usambara. Korogwe watauza machungwa dirishani, usinunue ya kwanza. Utavuka Pangani, utavuka Wami. Mikumi usilale, utaona tembo. Kisha joto la bonde la Ruaha, kisha Kitonga, basi litalia kama mgonjwa, usiogope, huwa linafika. Iringa baridi. Makambako upepo. Njombe utaona watu wamevaa makoti mchana. Ukianza kuona miombo tena, jiandae, umefika.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, sijawahi kulala nje ya nyumbani. Nilisafiri siku tatu peke yangu na sanduku la bati, na nchi ikanijia moja baada ya nyingine kama alivyoipanga, machungwa, mto, tembo, baridi, kama vile mtu ametangulia kuwaambia wajipange. Sikuogopa. Usiku wa kwanza bwenini niliandika barua, si kwa mama, kwa Mwalimu. Nilimweleza kila kitu kuanzia chini, nikipanda. Nilimwambia na alipokosea: "Ulisema Makambako kuna upepo. Hukusema kwamba unatoboa sweta. Anayekuja huku avae mbili." Nilimwandikia kila muhula, miaka yote. Alijibu kwa mwandiko wa Aika, maswali matupu: mto ule wakati wa masika una rangi gani, watu wanajengea nini.

Alipofariki nilikuwa nimeshaanza kazi. Baada ya mazishi nilikaa jikoni na Mama Aika, nikamwambia namna nilivyomwonea wivu mumewe kwa safari zake, hasa ile ya kusini aliyoijua kama kihamba chake.

Mama Aika akanitazama kwa mshangao. "Kusini? Mwanangu, Mwalimu hakuwahi kupita Korogwe. Alikwenda mara moja tu, harusini."

Nilidhani amechanganyikiwa na msiba.

"Alikuwa anauliza," akasema. "Dereva, askari aliyerudi likizo, muuza vitunguu, kila aliyetoka mbali alimkalisha hapo kibarazani. Anamwuliza mpaka mtu anachoka. Na barua zako ndizo alizozipenda kuliko zote. Alizijua kwa moyo. Watoto waliochaguliwa kule baada yako aliwaelekeza kwa barua zako."

Nilitoka nje nipate hewa. Uwanja ulikuwa umejaa watu, vijana wengi nisiowajua, wengine na nguo za ofisini, wengine na watoto mgongoni. Msichana mmoja aliyekuwa ameshika rundo la sahani alinitazama, akasita, akaziweka chini na kunisogelea.

"Shikamoo dada. Samahani. Wewe ndiye wa sweta mbili?"